Profesa na Mashine ya Mama Ramani

Mtaani walimwita Profesa, na yeye hakuwahi kumkataza mtu. Alikuwa fundi wa kompyuta, na cheti chake cha chuo kilining'inia juu ya meza aliyokodi kwenye pembe ya duka la vifaa vya shule. Cheti kilikuwa ndani ya fremu, fremu ilikuwa na kioo, na juu ya kioo Profesa alikuwa amevuta nailoni ili kioo kisishike vumbi. Ungetaka kusoma kilichoandikwa, ungeambulia nailoni.

Kwa kila ugonjwa alikuwa na dawa moja: kupiga windo upya, yaani kufuta kila kilichomo ndani ya mashine na kuipanga kama mpya. Kompyuta ikikwama, anapiga windo. Ikikataa kutoa sauti, anapiga windo. Mtu angemletea pasi iliyoungua, pengine angeipiga windo pia. Picha za harusi za watu zilipotea kwenye meza ile, na tasnifu ya mwanafunzi mmoja aliyetoka pale analia njia nzima. Profesa aliwapigapiga wote begani na kuwaambia, "Virusi, ndugu yangu. Virusi vya siku hizi ni vibaya." Hakuwahi kumwambia mteja "sijui". Hakuwahi pia kumwambia mteja "kosa ni lako", maana mteja aliyeambiwa hivyo harudi. Yeye aliita hiyo adabu ya kazi.

Mtu wa namna hii akipenda, anapenda kwa shida. Profesa alimpenda muuguzi mmoja wa hospitali ya mjini, msichana mwenye maneno machache na macho yasiyokwepa, na muuguzi naye akampenda, kwa sababu ambazo wenzake wodini hawakuzielewa kabisa. Kikwazo kilikuwa mama.

Mama wa muuguzi alijulikana kwa jina la Mama Ramani. Kazi yake ya maisha ilikuwa kuchora ramani za nyumba katika ofisi ya mji, na alipostaafu aliondoka na kompyuta ya mezani ambayo ofisi ilikuwa inaitupa. Aliiweka kwenye chumba cha mbele na kuendelea kuwachorea watu nyumba zao. Wateja walimwogopa. Mtu alikuja na mchoro wake wa kukunja, akijisifu kwamba amepata vyumba vingi kwenye kiwanja kidogo, na Mama Ramani akaweka kidole juu ya karatasi.

"Chumba hiki dirisha lake la pili liko wapi?"

"Lipo moja, Mama. Linatosha."

"Hewa ikishaingia hapa, itatokea wapi?"

"Itatoka hapohapo."

"Itapishanaje na inayoingia? Au utaisimamia pale kama askari wa barabarani? Nenda ukafikiri. Mimi sichori makaburi."

Alikuwa mkali, na kwa haki. Lakini ukiingia ndani kwake ulikuta mambo mengine. Runinga ilikuwa na kitambaa cha kufuma. Redio ilikuwa na chake, friji ilikuwa na chake chenye vishada, na mtungi wa gesi jikoni ulivalishwa kitu kama gauni la mtoto. Rimoti ilikaa ndani ya mfuko wa plastiki uliochakaa mpaka namba hazisomeki, na makochi yalikuwa bado na nailoni ya dukani iliyonata kwenye mapaja ya wageni.

Ugonjwa huu tunao wengi, na tunauita usafi. Kitu kikinunuliwa, siku ileile kinafungwa na kuviringishwa kama maiti. Kabatini kuna sahani za wageni ambazo hakuna mgeni aliyewahi kufikia hadhi yake. Tunaishi miaka yote tukitazama vitambaa, na vyenyewe vilivyo chini yake vinazeeka bila kutumika, halafu vinarithiwa na watoto ambao nao wanashona vitambaa vingine.

Kompyuta ndiyo iliyopendelewa kuliko vyote. Skrini iliachwa wazi kwa sababu ilikuwa lazima itazamwe. Lakini sanduku lake, lile lenye vyuma na feni ndani, lilikuwa na vazi la uzi mweupe lililofumwa mara mbili na kutiwa bitana ya nailoni upande wa ndani, likashuka mpaka sakafuni kama kanzu.

Na kompyuta hiyo ilikuwa inaumwa. Mama Ramani alikuwa akizungusha mchoro wa nyumba aone upande wa nyuma, skrini inameta, inakuwa nyeusi. Wakati mwingine ilirudi baada ya muda, na pembeni kikatokea kiujumbe kwamba draiva ya picha imeacha kufanya kazi. Draiva ni ile programu ndogo inayoiwezesha mashine kuelewana na kadi yake ya picha, kile kibao cha ndani kinachotuma picha kwenye skrini. Zisipoelewana, hakuna cha kuona. Wakati mwingine skrini haikurudi kabisa, ilijaa mistari, na kuta zote alizochora tangu asubuhi zikapotea.

Basi siku muuguzi alipomleta Profesa nyumbani na kumtambulisha kuwa ndiye mchumba, Mama Ramani alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Mimi ni mtaalamu wa kompyuta, Mama."

"Mtaalamu. Vizuri sana. Pale pana mgonjwa. Ukimponya, walete wazee wako tuzungumze. Usipomponya, tusipotezeane muda."

Muuguzi alidhani mama anatania. Mama hakuwa anatania.

Profesa alianza kwa alichokijua. Mama Ramani alilivua sanduku vazi lake, akalikunja kwa heshima na kuliweka kitini, na Profesa akapiga windo. Mashine ikawaka vizuri, michoro ikazunguka bila tatizo, wakafurahi. Kesho yake simu ikalia.

"Mwanangu, mgonjwa wako ameanza tena."

Akaja akatia draiva mpya kabisa. Mashine ikakataa hata kuitambua kadi, kwa sababu kadi ilikuwa ya zamani na watengenezaji walishaisahau. Akatafuta draiva ya zamani, akaiweka, akajaribu, ikakubali. Kesho yake simu ikalia. Akabadilisha waya wa umeme. Akachomoa vibati vya kumbukumbu na kuvisugua kwa kifutio cha penseli, kama wafanyavyo mafundi wote wakiishiwa na akili. Akaleta skrini nyingine. Kila alipojaribu mbele ya Mama Ramani, mashine ilitii kama mtoto mbele ya mgeni, na kila alipoondoka ilirudia ukorofi wake.

Akaibeba mpaka dukani kwake, akaikalisha mezani wiki nzima, akawa anaitumia kutazama sinema kutwa. Haikuzima hata mara moja. Mtu mwenye kutumia kichwa chake angejiuliza pale nyumbani kuna nini ambacho dukani hakipo. Profesa alijiuliza nani mwenye kijicho.

"Mama, samahani kuuliza," alisema aliporudisha mashine. "Kuna jirani yeyote anayeingiaingia humu?"

"Kwa nini?"

"Mashine nyingine zinashikwa na jicho la mtu."

Mama Ramani alivua miwani. "Chuoni kwenu ndiyo mlifundishwa hilo, au ni utafiti wako binafsi?"

Muuguzi alicheka mpaka akatoka nje. Profesa akainama kuchomeka nyaya.

Kumbe jibu lilikuwa linamsubiri siku zote, na lililetwa na mvua. Siku hiyo alimaliza kuweka draiva kama kawaida, akawa anafunga begi lake, mvua ikashuka. Mama Ramani akamwambia, "Utaenda wapi? Kaa, unywe chai." Hakuwa amewahi kukaa. Siku zote aliondoka mara tu baada ya kazi, mbiombio, kama mwenye wagonjwa wengine. Akaketi kwenye nailoni.

Mama Ramani alichukua lile vazi jeupe kitini, akalikung'uta, akalivalisha sanduku huku mashine ikiwa inawaka, akalivuta pembe kwa pembe likae sawa. Kisha akakaa akaanza kuchora jiko la mteja.

Profesa aliinua kikombe chake. Baada ya muda alianza kusikia feni. Mwanzoni ilikuwa kama mtu anayepumua usingizini, baadaye kama mtu anayepanda mlima, kisha ikawa inavuma. Aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akaingiza mkono chini ya kitambaa. Chuma kilikuwa cha moto kama birika. Kabla hajauondoa mkono, skrini ikameta ikawa nyeusi.

"Unaona!" Mama Ramani alisema. "Hata hapohapo ulipo!"

Sasa alijua. Kadi ilikuwa inapikwa ndani ya nailoni, na ikishapikwa inaanguka, na draiva inaanguka nayo. Draiva haikuwa na kosa lolote tangu siku ya kwanza. Kilichotakiwa ni kusema: Mama, kivue kitambaa. Mtoto mdogo angelisema huku anatafuna mkate.

Profesa alifungua mdomo. Na Mama Ramani, akiwa ameweka kiganja chake juu ya kitambaa kama anayemtuliza mtoto, akasema, "Maskini, na ninavyoitunza. Hiki nilikifuma wodini, nikimuuguza marehemu mume wangu. Kila nikikaa kitandani kwake, nafuma. Alikuwa ananiambia, nimalizie nikione."

Mdomo wa Profesa ukajifunga, ukafunguka tena, na yakatoka mengine kabisa.

"Mama, hii ni kadi ya picha. Imezeeka. Inabidi iagizwe nyingine."

"Itafika lini?"

"Iko njiani."

Alikuwa hajaiagiza, na hakuwa na nia ya kuiagiza. Lakini "iko njiani" ni maneno yanayoheshimika sana kwetu. Kuna madaraja yako njiani tangu babu zetu, na kuna madawati yako njiani huku watoto wamekaa chini. Mtu akisema hivyo kwa sauti ya upole, anayedanganywa ndiye anayesema asante.

Jioni alimsubiri muuguzi kwenye lango la hospitali akamsimulia yote, na alisimulia kwa fahari, kama mtu aliyeokoa jahazi.

"Subiri kwanza," muuguzi alisema. "Unajua mashine inakosa hewa kwa sababu ya kitambaa?"

"Najua kabisa. Nimeshika mwenyewe."

"Na umemwambia Mama kadi imezeeka."

"Ningesemaje, mpenzi? Kile kitambaa ni cha marehemu. Ni heshima tu."

"Heshima." Alisimama. "Wodini kwetu kuna daktari mmoja ana heshima kama yako. Ndugu wa mgonjwa wakimuuliza, anawaambia anaendelea vizuri. Wanakwenda nyumbani wanafurahi. Sisi ndio tunaowapigia simu baadaye."

"Sasa unanifananisha na..."

"Nakufananisha. Mwambie Mama. Usitume mtu, usiniombe nikusemee. Kaa mbele yake umwambie. Mama yangu hajawahi kumfukuza mtu kwa sababu ya ukweli, na ungekuwa unamsikiliza anavyoongea na wateja wake ungelijua hilo."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho."

Kesho yake alikwenda kweli. Mfukoni alikuwa na mkasi mdogo.

Alimwambia Mama Ramani kwamba amekuja kupima ukubwa wa kadi, na kwamba kazi hiyo inataka utulivu. Mama akamwacha akaenda jikoni. Profesa akapiga magoti nyuma ya meza, akalivuta vazi kwa nyuma, pale panapotazamana na ukuta, akakata. Alikata bitana, akakata na uzi, tundu la upana wa kiganja, mkabala na mahali feni inapotolea joto. Uzi uliofumwa kando ya kitanda cha mgonjwa ulianza kufumuka kidogokidogo, na yeye akausokota kwa kidole ili usionekane. Kumwambia mwanamke ukweli aliona ni utovu wa adabu, lakini kumkatia kwa siri kitambaa cha marehemu mumewe aliona ni ustaarabu.

Na mashine ikapata nafuu. Siku zikapita bila simu. Profesa alisema amepata draiva maalumu, ya kufichwafichwa, ambayo mafundi wengine hawaijui. Mama Ramani akafurahi, akawasifia wateja mkwe wake mtarajiwa, na siku ya kuja wazee ikapangwa. Muuguzi alimuuliza, "Ulimwambia?" Profesa akamjibu, "Si unaona imepona?" Muuguzi hakuridhika, lakini alikuwa kwenye zamu ngumu, na mtu aliyechoka huwa anaacha mambo mengine yapite.

Hali ya hewa ilipogeuka, jua likawa kali na chumba cha mbele kikapata joto, skrini ikameta tena. Safari hii Mama Ramani hakupiga simu kwanza. Alidhani labda ni vumbi. Akavua kitambaa akifue.

Profesa alipoitwa, aliwakuta mama na binti sebuleni. Kitambaa kilikuwa mezani, kimetandazwa, tundu likiwa juu. Uzi ulikuwa umefumuka mpaka tundu likawa kubwa kuliko alivyoliacha.

"Hiki ni nini, baba?" Mama Ramani aliuliza.

Profesa alilitazama tundu kwa mshangao mkubwa. "Loo! Panya hawa, Mama!"

"Panya."

"Panya wa siku hizi ni wabaya."

Muuguzi alimtazama tu, kwa yale macho yake yasiyokwepa, na alimtazama muda mrefu mpaka Profesa akaanza kujifuta jasho kwa mkono wa shati. Ndipo yakatoka. Yalitoka vipandevipande, la mwisho likitangulia la kwanza: mkasi, joto, feni, mvua ile, kadi isiyokuwa njiani.

Mama Ramani alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka akaenda kwenye sanduku la mashine, likiwa uchi, akaweka kiganja juu yake. Lilikuwa la baridi na lilikuwa linafanya kazi. Akaanza kucheka, na kicheko chake hakikuwa cha raha.

"Mimi," alisema. "Mimi ninayewarudisha watu na michoro yao, nawaambia sichori makaburi. Nimekaa na kaburi hapa kando yangu, nimelipamba na vishada." Akamgeukia Profesa. "Ungeniambia siku ile ya mvua, ningekivua kabla hujamaliza chai. Nilikifuma kizuie vumbi, sikukifuma kiue kitu. Na marehemu alikuwa mtu wa kufungua madirisha, muulize huyu."

"Nisamehe, Mama. Niliogopa kukuudhi."

"Na hata hilo tundu lako! Umekata moja. Hewa ikitoka hapa, inaingilia wapi? Ndiyo maana imezima tena. Hata katika wizi wako hukufikiri." Alikunja kitambaa, tundu likiingia ndani. "Haya. Umesema mwenyewe, japo kwa kukamuliwa. Kijana ni kijana. Wazee wako waje kama tulivyopanga. Kaeni, nilete chai."

Profesa alishusha pumzi. Muuguzi hata alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mama Ramani alikuwa jikoni akigonga vikombe kwa nguvu kuliko kawaida, mawazo yake yakiwa bado kwenye kile kitambaa. Akarudi na sinia, akamimina, akampa mgeni kwanza.

Profesa alikunywa. Akatazama ndani ya kikombe, akanywa tena.

"Ikoje?" Mama Ramani aliuliza, kama anavyouliza mwenyeji yeyote.

"Tamu, Mama. Tamu kabisa. Asante sana." Na ili asije akaonekana hana shukrani, akamaliza kikombe chote.

Muuguzi alipiga funda moja akakunja uso. "Mama, hii haina sukari. Umesahau kabisa."

Mama Ramani akaonja ya kwake. Ilikuwa chungu tupu. Akakitazama kikombe cha Profesa, kilichokauka mpaka chini, kisha akamtazama mwenye kikombe.

Nyuma yao feni ya mashine ilikuwa inazunguka polepole, haisikiki vizuri.

"Baba," Mama Ramani alisema hatimaye, na alisema kwa upole, "waambie wazee wako wasijisumbue."

Profesa alimgeukia muuguzi, akingoja amtetee. Muuguzi alikuwa ameinama anakusanya vikombe. Alivipanga kwenye sinia, akasimama, akasema "Twende nikutoe," na akamsindikiza mpaka mlangoni. Kizingiti hakukivuka. Alipogeuka kurudi ndani alikuta mama yake ameshika mkasi, ule mkubwa wa kushonea, anakata nailoni ya makochi.